Sola ya lipa mdogo mdogo, ya kujinunulia, mini-gridi au kuvuta stima: ya nyumbani uchukue gani?

Mtu wa Nairobi akianza kupanga kuwekea wazazi mwangaza ushago anakwama palepale wenzake wamekwama. Achukue seti ya lipa mdogo mdogo, aende Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki Nairobi, anunue vitu vyake afungiwe na fundi, angoje ile mini-gridi (mtambo mdogo wa umeme wa kijiji) chifu amekuwa akiitaja kila baraza, ama atafute pesa avute stima tu yaishe. Na shida ni kwamba kila mtu unayemuuliza anakupa jibu la kile alichonunua yeye, mwenye seti atakwambia seti, mwenye inveta (ile mashine ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa stima) atakucheka, na fundi atakuuzia chenye ako nacho kwa stoo.

Kwanza tumalizane na maneno ya jua, juu watu wengi wanaanzia hapo na hapo si mahali pa kuanzia. Jua tunalo. Kenya imekalia ikweta, mchana ni masaa 12 hivi mwaka mzima, na kila mita mraba ya paa inapata kati ya kilowati-saa 4 na 6 kwa siku (ndio zile yuniti za tokeni), huko Lodwar, Wajir, Mandera na Garissa wakiwa upande wa juu wa hiyo hesabu. Ujerumani wanapata kama nusu ya hilo jua na bado wana paneli za zaidi ya gigawati 80, sisi ule mtambo wa serikali wa Garissa uliowashwa 2019 ni megawati 50. Alafu ata umeme ukitengenezwa mlangoni kwako haimaanishi utaingia kwa nyumba: bwawa la Turkwel limekuwa na mtambo wa megawati 106 tangu 1991, laini yake ikaenda zake Lessos, na Lodwar pale chini wakaendelea na jenereta za dizeli miaka na miaka. Mitambo 365 ya upepo ya Loiyangalani nayo, waya zake zinakimbia zaidi ya kilomita 400 mpaka Suswa zikipita juu ya boma za watu wanaomulika mbuzi na tochi.

Kwa hivyo mtu akikuuzia sola kwa kukuambia "huko kwenu kuna jua sana" hajakuambia kitu. Jua ni la bure, unacholipia ni usiku, yaani betri, na mtu wa kuja kutengeneza siku hiyo kitu imekataa kuwaka. Ukishika hizo mbili utaona njia zote nne kwa macho mengine kabisa.

Vitu vya kuangalia kabla hujatoa pesa

Mimi naangalia vitano, na vyote nitavipitisha kwa kila njia.

Kwanza, itawasha nini. Hapa chukua karatasi uandike. Taa tano za wati 6, masaa matano usiku, hizo ni wati-saa 150. Tivi ya inchi 24 inayokula wati 30 kwa masaa matano ni 150 zingine. Redio na simu za watu wa nyumba weka 100. Jumla 400 kwa siku, sawa na yuniti 12 kwa mwezi, na hiyo ndiyo nyumba ya kawaida ya ushago. Sasa ongeza friji kidogo, inakula kama 700 peke yake kwa siku. Na pasi ya wati 1,200 ukipiga nguo nusu saa tu umekula 600, mara mbili ya taa zote na tivi ya usiku mzima. Ndio maana swali la "nataka sola" halina jibu mpaka useme kama pasi na friji ziko ndani.

Pili, pesa, ya kuanza na ya mwisho. Tatu, usiku na siku za mawingu. Nne, ikiharibika nani anakuja na anatoka wapi. Tano, kesho ukitaka kuongeza ama kuhama itakuwaje.

Seti za lipa mdogo mdogo

Hizi ni zile za Sun King, d.light na wengine wa hiyo laini. Unatoa dipoziti, unapewa paneli ndogo, kisanduku chenye betri, taa kadhaa, waya za kuchaji simu, pengine redio, na seti kubwa kidogo zinakuja na tivi yake. Alafu unalipa kila siku ama kila wiki kwa M-Pesa. Usipolipa inajizima, ukilipa inawaka, ukimaliza inakuwa yako. Ujanja wote uko hapo kwa kujizima, bila huo na bila M-Pesa iliyoingia 2007 hakuna kampuni ingekubali kumkopesha mama mboga wa Kalokol asiye na payslip.

Inawasha nini: taa, simu, redio, na tivi yake ileile iliyokuja nayo. Basi. Huwezi kuchomeka pasi, huwezi kuchomeka ile woofer ya mjomba, plagi zenyewe ni zao. Wengine wanaona huo ni ubaya, mimi naona kwa nyumba ya wazee ni afadhali, hakuna mjukuu atakuja likizo achomeke heater ya maji aue betri.

Pesa: hapa usiangalie dipoziti peke yake. Tuseme umeambiwa dipoziti 3,000 na bob 50 kwa siku mwaka mzima. 50 mara 365 ni 18,250, ongeza dipoziti ni 21,250. Ukienda dukani na hiyo pesa taslimu utapata vitu vikubwa kuliko hivyo, hilo ni kweli na watu hupenda kulisema kana kwamba wamevumbua kitu. Lakini swali ni kama hiyo 21,250 uko nayo leo, na kama unayo kweli itabaki sola mpaka ifike Luthuli ama itageuka fees ya mtoto njiani. Haba na haba inajaza kibaba kwa sababu ile haba haikuumi. Piga pia hesabu ya kile nyumba inatumia sai: mafuta ya taa, tochi za betri za mawe, na shilingi 20 za kuchajia simu sokoni. Kuna boma ambazo hiyo pesa inakaribia bob 50 kwa siku ata bila tivi, na kuna zingine haifiki nusu. Fanya ya kwenu.

Usiku: betri ndani ni ya lithiamu na ni ndogo, imepimwa itoshee zile taa zake. Siku ya mawingu mazito tivi itakata mapema, taa zinavumilia.

Ikiharibika: hapa ndio seti inashinda. Kuna waranti, kuna namba ya kupiga, kuna ajenti. Uliza tu ajenti wa karibu yuko wapi kihalisi, juu ajenti wa Kitui mjini kwa mtu wa Tseikuru ni fare na siku nzima. Na seti zilizopimwa ubora chini ya VeraSol, ule mpango uliokuwa unaitwa Lighting Global, ndio za kutafuta, ukikosa alama yoyote na bei imeshuka ghafla jiulize mbona.

Kuongeza na kuhama: kuhama ni rahisi, unafungua paneli unaweka kwa gunia unapanda matatu. Kuongeza ni ngumu, kawaida unachukua seti nyingine ya kampuni ileile na deni lingine linaanza.

Na kitu kimoja cha kusema wazi: jina likiwa lako na unalipa kutoka Nairobi, siku umekauka mwisho wa mwezi ni mama anakaa giza. Panga hiyo mapema. Ukipata pesa lipa wiki kadhaa mbele, sio lazima iwe siku kwa siku.

Kujinunulia na kufungiwa na fundi

Hii ndio njia yenye raha kubwa na kupigwa kukubwa, kwa hivyo nitakaa hapa.

Inawasha nini: chochote, kulingana na mfuko. Kwa ile nyumba yetu ya wati-saa 400, chukua jua la masaa matano, toa kama asilimia 30 ya kupotea kwa joto, vumbi, waya na betri, utaona paneli ya wati 115 ingetosha kwa karatasi, so unanunua ya 150 ama 200 ndio upumue. Ukiongeza friji unafika 1,100 kwa siku na paneli za kama wati 400. Maji je? Hapo kuna siri tamu, pampu ya sola haihitaji betri kabisa, inasukuma mchana tanki linajaa, na hilo tanki ndilo betri yako. Mtu wa shamba aanze na hiyo kabla ya tivi. Kampuni kama SunCulture ya hapa Nairobi wanauza pampu za sola ata kwa mkopo wa kulipa pole pole.

Usiku: betri ndio moyo wa hii njia, na ndio itakayokula pesa yako mara ya pili. Za risasi na asidi, zile wanaita gel ama deep cycle, ni rahisi kununua lakini usizitumie zaidi ya nusu. Yaani ya 12V 100Ah (volti 12, ampea-saa 100) kwa karatasi ina wati-saa 1,200, wewe hesabu una 600. Ukizikamua mpaka chini kila usiku zitakufa mapema, na joto linaziua haraka zaidi, kanuni wanayotumia mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 inakata maisha kama nusu. Sasa fikiria Lodwar, betri imewekwa juu ya kabati chini ya mabati. Za lithiamu zinaitwa LiFePO4, bei yake ya kwanza inauma, lakini unatumia asilimia 80 mpaka 90 bila wasiwasi na zinakaa mizunguko elfu kadhaa. Ya 50Ah ya lithiamu inakufanyia karibu kazi ya 100Ah ya asidi. Mimi kama pesa ingenilazimisha nichague pa kubana, ningebana paneli nisibane betri. Paneli utaongeza mwaka kesho, betri ukichanganya nzee na mpya, ile nzee inavuta chini mpaka ile mpya.

Sasa dukani. Ukiingia Luthuli ama River Road utasikia hivi:

"Karibu boss, paneli ya 300 hii hapa, bei ya mwisho nakufanyia poa."

"Hii ni 300 kweli?"

"Si unaona imeandikwa?"

Imeandikwa, ndiyo, karatasi inakubali chochote. Toa futi kamba. Paneli nzuri ya siku hizi inatoa kama wati 200 kwa mita mraba moja. Kama hiyo "300" ina urefu wa mita moja na upana wa sentimita 67, hizo ni wati 130 hivi na hakuna maombi yatakayoifikisha 300. Mwambie aitoe nje kwa jua, fundi wako aweke mita: kwanza volti, ya seli 36 inasoma kama 21 au 22 ikiwa haijaunganishwa na kitu, alafu ampea. Wengi wa kuuza vitu feki volti zao ni sawa kabisa, ampea ndio zinawaumbua, na muuzaji akikataa mambo ya kupima kwa jua umeshajibiwa, ondoka. Betri ya asidi ya 100Ah nayo inakaribia kilo 30. Ikiwa unaibeba na mkono mmoja ukiongea na simu, umeuziwa mbuzi kwa gunia.

Kontrola ya chaji, kile kisanduku kinachosimamia umeme kutoka paneli kuingia betri, kuna ya PWM, ile ya kawaida, na ya MPPT, ile inayokamua paneli vizuri zaidi. Kwa paneli moja ndogo ya 12V chukua PWM uendelee na maisha, ukiwa na paneli kubwa zile za paa, za volti 30 kuenda juu, PWM itakupotezea nyingi, lipia MPPT. Inveta tafuta ya pure sine, yaani inayotoa umeme laini kama wa stima, kama utaweka friji ama pampu, zile za bei ya chini zinafanya mota inguruma na kupata moto. Na waya! Watu wananunua vitu vya elfu themanini alafu wanabana waya ya elfu mbili. Kwa 12V, mzigo wa wati 120 ni ampea 10, na waya nyembamba ya mita 20 kutoka paneli mpaka nyumba inakula volti njiani mpaka betri haijai, mtu analaumu jua.

Ikiharibika: ni wewe na fundi wako. Fundi wa sola anatakiwa kuwa na leseni ya EPRA, ile mamlaka ya serikali ya mambo ya kawi, ziko za T1, T2 na T3, T1 ikiwa ya sistimu ndogo za nyumbani. Muulize, sio matusi. Fundi mzuri utamjua kwa vitu vidogo: anainua paneli juu ya mabati kama upana wa kiganja ndio upepo upite, juu paneli ikipata moto inatoa kidogo, kila nyuzi moja juu ya 25 inapunguza kama asilimia 0.3 mpaka 0.4, na jua la Garissa linaifikisha paneli nyuzi 60 bila shida. Ataiinamisha nyuzi 10 au 15 ata kama ikweta haijali sana inaangalia wapi, ili mvua ioshe vumbi. Ataweka fyuzi karibu na betri. Ataifunga na bolti ambazo mwizi atachoka nazo. Na atakuonyesha mahali pa kuzima kila kitu. Yule wa kuokota atafunga kwa dakika arobaini, ataomba soda, na simu yake itakuwa mteja hapatikani.

Kuongeza na kuhama: hii ndio njia inayokua vizuri kuliko zote ikipangwa toka mwanzo. Nunua kontrola na inveta kubwa kidogo kuliko ya leo, usinunue kila kitu cha saizi ya leo.

Pesa: yote mbele, na ndio kikwazo. Saccos na chama nyingi zinakopesha kwa hii kazi, linganisha riba yao na ile 21,250 ya juu uone. Na weka kando pesa ya betri ya pili tangu siku ya kwanza kama umechukua ya asidi.

Mini-gridi ya kijiji

Hii ni paneli nyingi mahali pamoja, betri kubwa, pengine jenereta ya kusaidia, na nguzo zinazosambaza mpaka manyumbani, kila nyumba na mita yake na malipo ya simu. Talek huko Narok wako nayo, kuna za kampuni binafsi sehemu kadhaa, na ule mpango wa serikali wa KOSAP, wa kupeleka sola kusiko na gridi, uliopewa dola milioni 150 na Benki ya Dunia 2017 ulilenga kaunti 14 zilizoachwa nyuma, kuanzia Turkana, Marsabit, Mandera mpaka Kwale na Lamu.

Tofauti yake kubwa ni kwamba hii haichaguliwi na mtu mmoja. Iko ama haiko. Kama iko na nguzo imepita karibu, unapata umeme wa kawaida wa 240V bila kununua betri, bila kuosha paneli, na ikiharibika kuna mtu wa kampuni kijijini, mara nyingi kijana wa hapohapo. Kinyozi, duka la soda baridi, mtu wa samaki anayetaka friza, fundi wa kuchomelea, hao ndio inawafaa kuliko nyumba ya kawaida, kwa sababu wanatumia mchana jua likiwa juu na wanapata pesa nayo.

Bei ndio maneno. Za kampuni binafsi yuniti moja inaweza kuwa mara mbili, mara tatu ya stima ya Nairobi ama zaidi, na si uchoyo peke yake, ni nyumba chache zimegawana gharama ya mtambo mzima. Zile za mpango wa serikali zimepangwa zitoze bei moja na gridi ya taifa. Kwa yuniti zako 12 kwa mwezi ata bei ya juu unaweza kuvumilia, kwa friza mbili uliza kwanza. Usiku kila mtu akirudi nyumbani tivi zote zinawaka saa moja, na mtambo mdogo unaweza kulemewa, kuna zingine zinawekea kila mteja kiwango. Kuongeza mzigo kwa hivyo unaongea nao kwanza. Kuhama nayo haiwezekani, unaacha mita ukutani.

Kitu cha kuogopa ni kungoja. Kama mini-gridi ni ya maneno ya baraza na hakuna ata nguzo moja imelala chini, usikae giza miaka mitatu ukiisubiri, chukua taa ndogo za sola hata za elfu mbili tatu usukume nazo.

Kuvuta stima ya Kenya Power

Sio sola, najua, lakini haiwezekani kulinganisha ukaiacha nje. Karibu robo tatu ya Wakenya sai wanafikiwa na umeme, na mpango wa serikali wa kuunganishia watu stima, Last Mile, ulioanza 2015 ulishusha ada ya kuunganishwa kutoka kama 35,000 mpaka 15,000 kwa walio ndani ya mita 600 kutoka transfoma. Nje ya hapo unalipia nguzo, na hiyo kotesheni kaa chini kwanza kabla ya kuisoma. Ongeza waya za nyumba.

Inawasha kila kitu, pasi, jiko, mashine ya kusaga. Na kwa matumizi madogo ni rahisi ajabu, tangu 2023 anayetumia mpaka yuniti 30 kwa mwezi yuko kwa kiwango cha chini kabisa, yaani yuniti zako 12 ni mia chache tu kwa tokeni. Weka hiyo kando ya bob 1,500 kwa mwezi ya seti, ingawa seti ina mwisho na tokeni haina, na seti ilikuja na taa na tivi zake.

Usiku wa kawaida huna wasiwasi wa betri. Ila stima inapotea, na ushago ikipotea inaweza kukaa, transfoma ikiungua kijiji kizima kinasubiri zamu. Agosti 25, 2023 nchi karibu nzima ilizima, hapo ndio watu wa Kileleshwa na wa Rongai walianza kuulizia bei za inveta. Kwa hivyo aliye na stima bado anaweza kutaka sola, ila atanunua ndogo ya kushikilia taa, intaneti na simu.

Sasa, wewe uko wapi?

Wazazi wako peke yao, hakuna kijana wa kuelewa mambo ya betri, wanataka mwangaza, simu na habari za saa moja: seti ya lipa mdogo mdogo, iwe ya kampuni yenye ajenti karibu, na ulipie wiki mbele. Kama pesa yote unayo mkononi uliza bei ya taslimu ya seti hiyohiyo, huwa chini ya jumla ya mkopo.

Kuna familia kubwa, friji inahitajika, kuna dawa za mifugo ama biashara ndogo ya maziwa, na una 100,000 hivi ama sacco ya kukubeba: jinunulie, betri ya lithiamu, fundi mwenye leseni. Nenda naye dukani na umlipe siku hiyo ya kuzunguka, itakuokolea mara kumi.

Uko Limuru, Nyandarua, upande huo wa ukungu wa Julai: usitumie hesabu ya masaa matano, tumia matatu, na uongeze paneli badala ya betri. Mtu wa Lodwar anafanya kinyume, paneli zinamtosha, wasiwasi wake ni betri kupata moto, so aweke chini sakafuni upande wa nyumba usiopigwa na jua la mchana, na aoshe paneli asubuhi mapema kabla haijawaka.

Transfoma iko ndani ya mita 600 na unataka kuchomelea, kusaga ama kupika na umeme: vuta stima, alafu taa mbili tatu za sola za siku ya giza. Transfoma iko kilomita mbili na kazi ni hiyohiyo ya mota: kama kuna mini-gridi jiunge nayo, kama hakuna piga hesabu ya dizeli na sola pamoja kabla hujanunua paneli ishirini, na hapo fundi wa T1 hatoshi.

Una shamba na kisima, nyumba iko na taa za kubahatisha: pampu kwanza. Mboga zitalipa tivi.

Unakodisha, ama umewekwa kazi Marsabit kwa mkataba wa mwaka mmoja: seti ama vitu vidogo vya kubeba, usitoboe paa la mwenyewe, na paneli iegemezee mahali unaiona kutoka jikoni.